Mifupa Haikuomba Viza

Kuna sentensi moja nimechoka nayo, na ninaitoa mwanzoni ili tumalizane nayo: "Bora hata wazungu walivichukua, sisi tungeviharibu." Nimeisikia Nyamirambo kwenye kiti cha kinyozi. Nimeisikia kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye ninamheshimu sana. Nimeisikia kwa vijana wangu wa Jumamosi, watoto wa miaka 15 na 16 ambao hawajawahi kuharibu kitu kikubwa kuliko kioo cha simu. Inasemwa juu ya vinyago, juu ya ngoma, juu ya mafuvu ya watu. Safari hii ilisemwa juu ya mifupa ya dinosauri, na ikasemwa kwa kujiamini kabisa, na mtu ambaye dakika tano kabla hakujua kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuwa na dinosauri.

Basi tuanze na hapo, maana wengi wetu hatukufundishwa. Mimi nilimaliza sekondari, na dinosauri niliwajua kutoka sinema za Marekani. Kumbe mmoja wa wakubwa kuliko wote waliosimamishwa katika jumba lolote la makumbusho duniani ametoka Lindi, kusini mwa Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu na mbele zaidi, mahali ambapo watu wanaongea hiki Kiswahili unachokisoma.

Kilima kinaitwa Tendaguru. Kiko kilomita kama 60 kutoka mji wa Lindi, bara. Matabaka ya miamba yake ni ya zama za Jura, miaka milioni 150 hivi iliyopita, wakati pale palikuwa karibu na pwani na mito ikimwaga matope baharini. Wanyama walikufa, wakafunikwa, mifupa ikageuka mawe. Maji ya mvua yakaja baadaye yakafukua. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona ikichomoza ardhini, na vitabu vinasema "aligundua". Wamwera walikuwa wanalima pale. Mtu hawezi kulima mahali miaka na miaka asione mfupa mrefu kuliko mlango wake. Lakini haya, tuseme aligundua.

Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas, mtaalamu kutoka Stuttgart, akaona, akaandika. Kisha makumbusho ya Berlin yakachangisha pesa, na kuanzia 1909 hadi 1913 yakachimba. Viongozi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, halafu Hans Reck. Hao majina yao utayapata popote. Waliochimba ni watu wa pale na wa mikoa ya jirani, na katika mwaka wa kazi kubwa, 1911, walifika kama 500. Walichimba, wakapaka udongo na plasta, wakafunga kwa mianzi, halafu wakabeba. Mbung'o walikuwa wanaua wanyama wa kubeba mizigo katika nchi ile, kwa hiyo punda hakuna, ng'ombe hakuna. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Lindi kichwani na begani, siku nne za mguu, kisha melini. Mifupa iliyokuwa mizito mno kwa mtu mmoja ilitundikwa kwenye mti, wawili au zaidi wakabeba pamoja.

Soma tena ile miaka: 1909 hadi 1913. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 vikaisha 1907, na vilipita hukohuko kusini. Wajerumani walivimaliza kwa kuchoma mashamba na maghala. Njaa ndiyo iliyoua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000, na wanahistoria wengine wanakwenda mpaka 300,000. Halafu miaka miwili tu baadaye, kwenye nchi hiyohiyo, wanatokea wanaume mia kadhaa walio tayari kubeba mawe siku nne juani kwa ujira mdogo. Watu wanaonijibu kwamba "walilipwa, haikuwa utumwa" wajiulize kwanza mtu anafikaje mahali pa kuikubali kazi ile. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa kwa pesa taslimu. Ghala lilikuwa limechomwa. Ndiyo, walilipwa. Na sisi kambini tulilipwa kwa kuchimba mitaro, na ninajua vizuri kwamba hakuna aliyetuuliza kama tunataka mtaro.

Huo ndio ugomvi wangu wote, na nisizunguke. Swali ambalo watu hulirukia ni nani anaweza kuitunza mifupa. Swali langu ni nani aliulizwa. Hakuna aliyeulizwa. Serikali ya koloni ilitangaza eneo lile kuwa ardhi ya dola ya Ujerumani, na baada ya hapo kila kitu kikawa halali: ardhi yetu, sheria yetu, mfupa wetu. Kama mgeni anaingia kwako, anaandika karatasi kwamba sebule ni yake, kisha anaondoka na kabati, usiniambie alikuwa na karatasi.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu ya kinyozi. Sisi tungeviharibu.

Mwaka 1912, jangwani Misri, ilipatikana mifupa ya dinosauri wa ajabu mwenye miiba mirefu mgongoni. Ernst Stromer, Mjerumani wa Munich, akamwita Spinosaurus. Mifupa ikapelekwa Munich kutunzwa. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 1944 ndege za Waingereza zikapiga mabomu mji ule, jumba likaungua, Spinosaurus akaisha. Miaka milioni karibu mia alilala kwenye mchanga wa Misri salama salmini, na Ulaya alidumu miaka thelathini na kidogo. Berlin yenyewe, Februari 1945, bomu liliangusha ubavu wa mashariki wa jumba lilelile ambamo mifupa ya Lindi imo. Ubavu huo ulisimama magofu zaidi ya miaka 60, ukafunguliwa tena 2010. Sisemi Wajerumani ni wazembe. Ninasema hakuna bara lenye hati ya kutoharibu vitu, na Ulaya ndiyo ya mwisho kuidai.

Jibu la pili nililopewa ni kwamba mifupa ni dhaifu, haiwezi kusafiri. Hapa ndipo ninaposhindwa kuvumilia. Haiwezi kusafiri? Ilisafiri vipi? Ilipita porini kichwani kwa mtu mwenye njaa, ikapanda jahazi, ikapanda meli, ikavuka bahari mbili. Mwaka 1937 ikasimamishwa Berlin, na ipo picha ya wakati ule yenye bendera za Wanazi nyuma ya mnyama wa Lindi. Miaka ya 1980 ikapelekwa Japani kuonyeshwa, ikarudi. Mwaka 2005 ikafunguliwa yote, mfupa kwa mfupa, ikasafishwa, na 2007 ikasimamishwa upya kwa mkao mwingine kwa sababu wataalamu waliona ule wa zamani umekosewa. Kwa hiyo inaweza kufunguliwa, inaweza kupakiwa, inaweza kuruka hadi Asia. Udhaifu unaanza pale tu mtu anapotaja Lindi.

Na si hilo tu. Kichwa kile wanachokipiga picha watalii kule juu ni nakala. Fuvu halisi lingekuwa hatari kulitundika, ni zito na linavunjika, basi likawekwa kando. Sehemu kubwa ya uti wa mgongo pia ni ya kutengenezwa, kwa sababu hiyohiyo. Watu mamia ya maelfu kwa mwaka wanaingia, wanainua macho, wanashangaa, na hakuna anayedai arudishiwe kiingilio chake kwa sababu kichwa ni cha kubandika. Sasa kama nakala inawatosha watu wa Berlin kwa kichwa na mgongo, itashindwaje kuwatosha kwa miguu? Mbona ni sisi tu tunaoambiwa turidhike na nakala, na picha, na "ushirikiano"?

Jibu la tatu ni sayansi. Wataalamu wanaisoma mifupa, dunia nzima inafaidika. Nakubali nusu. Janensch aliisoma kazi ile maisha yake yote, na aliyoandika bado yanatumika. Lakini ulizia vile vifurushi vya mianzi. Miaka zaidi ya 100 baada ya kufungwa na mikono ya watu wa Lindi, baadhi yake vilikuwa bado havijafunguliwa. Viko stoo, mianzi ileile, kamba ileile. Mtu akikuazima sufuria ukae nayo miaka 100 bila kuipika, usimwambie unaihitaji sana.

Nisimalize bila kuisema serikali ya Tanzania, maana najua wapo watakaosema nawaonea Wajerumani peke yao. Mwaka 2018 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Augustine Mahiga, akiwa Dar es Salaam pamoja na mwenzake wa Ujerumani, alisema Tanzania haitadai mifupa irudi. Kinachotakiwa ni kushirikiana, kuchimba zaidi, utalii. Wabunge na watu wa Lindi walikuwa wamelipigia kelele jambo hili miaka mingi. Nauelewa mtego wake: jumba la kuweka mnyama wa mita 13 ni pesa, na pesa hizo mhisani ndiye anazo, na mhisani ndiye mwenye mnyama. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "hatujawa tayari kumpokea" na kusema "hatumdai". Deni lisilolipika leo bado ni deni. Hata mwenye duka wa kwetu, mtu akishindwa kulipa, hafuti daftari.

Na wapo waliolidai lao wakalipata. Mwaka 2012 mifupa ya dinosauri kutoka Mongolia iliuzwa kwenye mnada New York kwa zaidi ya dola milioni moja. Serikali ya Mongolia ikasema huyo ni wetu, ametoroshwa. Kesi ikaenda mahakamani, na 2013 mnyama akarudishwa Ulaanbaatar. Mongolia haikuwa na jumba la dinosauri la kumweka. Ilichofanya ni kuchukua jengo lililokuwa makumbusho ya Lenin na kuligeuza. Watu wakapanga mstari kuingia. Ninajua kesi zile mbili hazifanani kisheria, kwa sababu Mongolia ilikuwa na sheria yake tangu zamani na Lindi ya 1909 ilikuwa na sheria ya Mjerumani. Ndiyo maana nasema tusiwaachie wanasheria peke yao.

Hukohuko Mongolia kuna hadithi ya mayai ambayo vijana wangu waliipenda kuliko yote, na mimi pia. Mwaka 1923 Wamarekani wa makumbusho ya New York walikuta kwenye majabali mekundu ya jangwa la Gobi mayai ya dinosauri yaliyopangwa kwenye kiota. Juu ya mayai, mifupa ya dinosauri mdogo asiye na meno. Wakaamua mayai ni ya mnyama mwingine, na huyu alikuwa anayaiba akafia juu yake. Mwaka uliofuata wakambatiza kwa Kilatini: Oviraptor, yaani mnyang'anyi wa mayai. Miaka 70 akaitwa mwizi kwenye kila kitabu cha watoto. Mwaka 1993, jangwani humohumo, likapatikana yai la aina ileile likiwa na kitoto ndani. Kitoto kilikuwa cha jamii yake yeye. Halafu akapatikana mwingine amekufa amekaa juu ya mayai, mikono ameikunjua kuyafunika, kama kuku. Alikuwa mzazi. Alifia kwenye mayai yake.

Jina halikubadilika. Sheria za kupanga majina ya wanyama haziruhusu kulifuta jina eti kwa kuwa ni la uongo. Ataitwa mwizi mpaka kiama. (Na Wamarekani wale waliuza yai moja kwa mnada, dola 5,000. Nani mnyang'anyi wa mayai, amua mwenyewe.)

Niliposimulia hiyo, msichana mmoja wa Uvira, mkimya sana, akacheka kwa sauti mpaka nikaogopa. Akasema: "Yaya, ni sawa na sisi. Banakukuta tu pa mahali, banakupatia jina." Sikumwongezea neno. Kila mmoja mle ndani alikuwa na kadi mfukoni yenye neno ambalo hakulichagua.

Majina, basi. Nendeni muangalie wanyama wa Tendaguru wanaitwaje. Mkubwa kabisa, yule wa mita 13, ni Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi huko Berlin. Mwingine ni Janenschia, umeshajua kwa nini. Kuna mdogo, mla majani, mwepesi wa mbio, anaitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Jina hilo alipewa 1919 kwa heshima ya Paul von Lettow-Vorbeck, jenerali aliyewakimbiza wapagazi wa Afrika Mashariki miaka minne ya vita vya kwanza vya dunia huku wakifa kwa njaa na magonjwa kwa maelfu mengi. Wapagazi! Watu walewale wa kazi ileile ya kubeba. Mifupa iliyobebwa na wapagazi ikapewa jina la mtu aliyewamaliza wapagazi. Sijui kama kuna tusi refu kuliko hilo katika Kilatini.

Aliyekuwa mkubwa wa mafundi wa Kiafrika pale Tendaguru anajulikana: Boheti bin Amrani. Alikuwa na jicho na mkono wa kuutoa mfupa bila kuuvunja, na Waingereza walipokuja kuchimba miaka ya 1920 walimtafuta yeye. Naye alipewa mnyama, Australodocus bohetii. Mwaka gani? 2007. Karibu miaka mia. Wamwera walipewa wao, Wamweracaudia, mwaka 2019. Afadhali. Huko Songwe wanyama waliopatikana siku hizi wana majina ya lugha yetu kabisa: Shingopana wa mwaka 2017, na Mnyamawamtuka wa 2019, mnyama wa mto Mtuka, ambaye jina lake la pili ni moyowamkia kwa sababu mfupa wa mkia wake una umbo la moyo. Vijana walilirudia hilo kama wimbo. Kwa hiyo inawezekana, wataalamu wakitaka. Kiswahili hakijawahi kumkwaza dinosauri yeyote.

Lakini Boheti ni mmoja. Wengine 500? Kila mfupa ulioondoka Tendaguru ulikuwa na alama: shimo gani, namba ngapi. Mifupa mingi ya yule mkubwa ilitoka shimo lenye herufi S, ni mnyama wa pili wa shimo hilo, hayo yote yameandikwa. Mfupa una anwani. Aliyeubeba hana jina. Kijana mmoja aliniuliza swali hilo kabla sijalifikia, kwa lugha ya kwetu: "Na bale benye kubeba, majina yabo iko wapi?" Ninawapa vijana hawa mafunzo ya kujiamini, ya kuandika barua ya kuomba kazi, ya kujikinga na magonjwa, yote yenye miongozo na vitini. Hilo ndilo swali bora lililowahi kuulizwa mle ndani, na halikuwa kwenye kitini chochote.

Mzee mmoja wa jamii yetu hapa Gikondo aliponisikia naongea haya alinikatiza. "Mwanangu," akasema, "kodi ya nyumba imepanda, msaada umepunguzwa, watoto wanarudishwa shule. Mifupa ya Watanzania itakulipia nini?" Shikamoo mzee, na nitajibu hapa kwa sababu siku ile sikupata nafasi.

Kwanza, mzee, tulipotoka Kivu mama yangu aliacha sufuria akabeba mabuletini yetu ya shule. Watu walimcheka njiani. Lakini tulipofika, bila zile buletini tungerudishwa darasa la kwanza na ndevu zetu. Yeye alijua kwamba mtu asiye na maandishi anaanza upya kila mara, na wengine wanamwandikia wanavyotaka. Ninachosema juu ya wapagazi wa Lindi ni kilekile alichosema mama kwa kitendo.

Pili, hapa tulipo si mbali na jambo hili kama unavyodhani. Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Mwaka uleule 1907 ambao Fraas alikuwa anatazama mifupa kule Lindi, Richard Kandt alikuwa anaanzisha mji huu wa Kigali. Nyumba yenye jina lake iko Nyarugenge, ni makumbusho, unaweza kwenda kwa mguu. Na mwaka huohuo msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulikuwa unapita Rwanda kuelekea Kongo, na ndani yake alikuwemo Jan Czekanowski akikusanya mafuvu ya watu. Mwaka 2023 taasisi ya urithi ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka koloni lile. Ya Rwanda ni 904. Ya Tanzania 202. Kreti za dinosauri na kreti za binadamu zilikwenda mji mmoja, kwa mkono wa dola moja. Anayesema "mifupa ya Watanzania" anakosea mpaka. Na sisi Wakongomani tusijitoe: Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba, Juni 2022. Jino moja. Tulilizika kwa heshima za taifa kwa sababu ndilo lililokuwa limebaki.

Tatu, na hili ni la kwangu binafsi. Mwaka juzi nilialikwa mkutano wa vijana Ulaya. Barua ya mwaliko ilikuwepo, tiketi walilipa wao. Ubalozi mmoja ukanirudishia karatasi yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: hawana uhakika kwamba nitaondoka kabla viza haijaisha. Nikapanda moto kurudi Kimisagara nikicheka peke yangu, dereva akageuka kuniangalia. Mimi wananihofia nisije nikabaki. Na yule wa tani nyingi wa Lindi, aliyeingia bila viza na kukaa miaka mia na zaidi, wao ndio hawataki aondoke. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona mnyama wa kijiji chake, inabidi apeleke taarifa ya benki na uthibitisho kwamba atarudi nyumbani.

Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea mwaka 2023, akainama, akaomba msamaha kwa ajili ya Maji Maji. Lilikuwa jambo zito na sitalidharau. Lakini kwetu mtu akija kuomba msamaha kwenye msiba aliousababisha, anakuja na kitu mkononi. Hata mbuzi.

Sitaki niambiwe nadai mambo yasiyowezekana, kwa hiyo nayaweka wazi. Mifupa halisi ya angalau mnyama mmoja irudi Lindi, na nakala zisimame Berlin, ambako zinaonekana kuridhisha. Vifurushi vya mianzi vifunguliwe mbele ya vijana wa Lindi, hata kama vitafunguliwa Berlin, na hapo viza zitolewe. Na madaftari. Mtu anayelipa watu 500 lazima ana daftari la malipo mahali. Kama liko, lipigwe picha, liwekwe wazi, tusome. Kama halipo, waandike chini ya mnyama kwamba majina hayakutunzwa, na waandike kwa Kiswahili pia, maana hiyo ndiyo lugha waliyoagizana nayo kazi katika koloni lile.

Barua ya kuwaomba hayo tunaiandika Jumamosi hii, saa nane, ukumbi uleule. Tumekubaliana kuiandika kwa Kiswahili tu, bila tafsiri. Vijana wawili wanapinga, wanasema haitasomwa. Mmoja wao ndiye mwandiko mzuri kuliko wote, kwa hiyo bado tunambembeleza. Mwenye babu au bibi aliyetoka upande wa Lindi, Masasi au Mtwara, na aliyewahi kusikia nyumbani habari ya kubeba mawe ya Wajerumani, aje. Hata kama ni jina moja tu.